Kumpigia Mwenzako Taa

Sisi tuliokimbia, kitu cha kwanza tulichojifunza njiani ni kuonyana. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, mimi nilikuwa nabeba sufuria. Mwanamke mmoja tusiyemjua, mwenye karai la mihogo kichwani, akamwambia mama: "Mama, musiendelee na ile njia. Kuna watu kule wako na bunduki." Hakusimama, hakuuliza sisi ni kabila gani wala tunatoka wapi. Alisema akapita. Tukageuza, tukalala katika mashamba ya migomba. Mpaka leo sijui jina lake, na niko hai kwa sababu yake.

Ndiyo maana nilipoanza kuendesha moto hapa Rusizi, sikujiuliza hata dakika moja kama ni vizuri kumpigia mwenzangu taa. Wale mnaopanda moto mnajua. Unatoka Kamembe unateremka kwenda Bugarama, unakutana na motari anayepanda, anawasha taa mara mbili au anachezesha vidole kuelekea chini. Maana yake: polisi wako mbele, au kamera iko mbele. Kamera hizi Rwanda nzima inaziita Sofia. Kuna Sofia ya kusimama kwenye nguzo, na kuna ile ndogo ya miguu mitatu ambayo polisi wanaiweka leo hapa, kesho pale. Ukizidisha mwendo haikusimamishi. Unafika nyumbani, unakula, halafu mesaji ya faini inaingia kwenye simu. Kwa motari, pesa ile ni siku nyingi za kazi. Kwa mkimbizi aliyekodi moto ya mtu, ni chakula cha watoto.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana, si motari, lakini kazi yangu ni ya barabarani karibu kila siku. Kwa hiyo nilipiga taa, nilipigiwa taa, na nilijisikia mtu mwema.

Mwaka uliopita kaka yangu mkubwa, ambaye alipata risetolmenti na sasa yuko Kentucky huko Marekani, alinitumia picha ya kikopo cheusi kidogo kama redio. "Hiki kinaitwa radar detector," akasema, "kinasikia radar ya polisi kabla haijakusoma. Nikutumie kimoja?" Nikawaonyesha wamotari pale stendi. Bwana we! Kila mtu akawa fundi. Mmoja akataka chenye betri, mwingine akasema lazima kiunganishwe na betri ya moto, mwingine akauliza kama kinavumilia mvua, maana mvua ya huku, hasa ukiingia Nyungwe, haimwachi mtu wala kitu.

Nilikaa na simu nikasoma jinsi kinavyofanya kazi. Radar inatupa mawimbi, mawimbi yanagonga chombo kinachokuja, yanarudi yakiwa yamebadilika kidogo kulingana na mwendo wa chombo hicho. Kwa mabadiliko yale mashine inahesabu kilomita zako. Detector haitupi kitu, inasikiliza tu. Kwa kuwa mawimbi yanasambaa mbali, inaweza kuyasikia wakati bado hujafika. Lakini kama polisi anatumia laser, mwale wake ni mwembamba sana, na kifaa kikilia ujue tayari umepimwa. Na kwenye moto kuna shida zake tena. Ndani ya kaske, na upepo, na injini, husikii mlio. Wenye pesa wananunua kitaa kidogo kinachowekwa karibu na macho, au spika ndani ya kaske. Mtikisiko unalegeza nyaya. Na baadhi ya vifaa vinalia kwa sababu ya mlango wa duka unaojifungua wenyewe, au gari jipya lenye radar yake ya usalama, basi utakuwa unakamata freni kwa hofu ya mlango. Nikamwambia kaka kwamba kwa moto ni matatizo matupu.

Lakini kitu kimoja alichosema kilinibakia. Alisema kwake Kentucky ni halali kuwa nacho ndani ya gari lako, ila ukivuka milima ukaingia jimbo la jirani, Virginia, ni marufuku. Kifaa kilekile, dereva yuleyule. Ufaransa nao walikataza. Nikajiuliza: kama upande huu wa mlima ni haki na upande ule ni kosa, basi sheria pekee haiwezi kuniambia kama ni jambo jema. Lazima nifikiri mwenyewe.

Na sisi hatuna haja ya kutuma pesa Marekani, detector zetu tunazo. Kuna mwenzako anayekupigia taa. Kuna grupu la WhatsApp. Na kuna ile mbaya zaidi: mtu anakunja plaki ya moto, au anaipaka matope, au anabandika kipande cha plasta kwenye namba moja ili Sofia isome namba ya mtu mwingine. Hii ya mwisho hata sitaki kuijadili. Ukibadilisha namba, faini inaenda kwenye simu ya mtu asiyejua chochote, na huo ni wizi. Tuiache.

Nirudi kwenye taa. Nilipokuwa nasoma nilikuta hadithi ya Uingereza ambayo ilinifurahisha kisha ikanisumbua. Mwaka 1905 wenye magari kule walianzisha chama, Automobile Association, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyana kuhusu mitego ya polisi. Wakati ule mwendo wa juu ulikuwa maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Chama kiliweka vijana wa baiskeli barabarani ili wawaonye madereva. Mwaka 1907 kesi moja ya mtu aliyeonya ilifika kwa majaji wakuu, wakasema hana hatia, kwa sababu haikuonyeshwa kwamba wale aliowaonya walikuwa wanavunja sheria. Mwaka 1910 kesi nyingine ikaja, na safari hii madereva walikuwa tayari wanakimbia kupita kiasi. Majaji wakasema huyu ana hatia, amemzuia polisi kufanya kazi yake. Basi chama kikatafuta ujanja: kijana wa baiskeli atampigia saluti kila mwanachama anayepita, na siku asipopiga saluti, mwanachama asimame amuulize kwa nini. Sasa nani atamfunga mtu kwa kukosa kumsalimia mwenzake?

Nilicheka peke yangu. Ni watu kama sisi kabisa. Lakini zile hukumu mbili zina jambo. Kumwambia mtu ambaye bado hajakosea "angalia, usikosee" ni tofauti na kumwambia mtu anayekosa "jifiche, wanakuja." Shida yangu ni hii: ninapowasha taa, yule anayekuja mbele simjui. Taa yangu haichagui. Inamwambia mzee anayeenda polepole, na inamwambia vilevile kijana aliyelala juu ya tanki.

Kule Congo sikuwahi kuona shida hiyo, na nadhani najua sababu. Polisi wa rulaji aliyekuwa anatusimamisha hakuwa anataka mwendo wangu, alikuwa anataka mfuko wangu. Hata kama papiye zote ziko, taa ziko, kaske iko, atapata kosa. Kumwonya mwenzako kuhusu mtu kama huyo ni kama kumwambia kuna mwizi kwenye kona. Tulibeba tabia ile tukavuka nayo daraja, pamoja na masufuria. Hapa Sofia haiombi soda. Inaweza kukosea, na inaweza kuwekwa mahali pasipo haki. Wenyeji wenyewe walilalamika sana mwaka 2021 kuhusu mwendo wa 40 katika barabara pana na kamera zilizofichwa, mpaka Rais akaliongelea, na sehemu nyingi mwendo ukapandishwa hadi 60. Kwa hiyo sisemi kila kibao kina akili. Ninasema tu kwamba hofu yangu ya hapa na hofu yangu ya kule si moja, na nilikuwa nazitendea kama moja.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ilikuwa jioni, saa kumi na moja na kitu, natoka Bugarama napanda. Lori la saruji lilikuwa mbele yangu linavuta pole pole. Nilipopita kona moja nikaona polisi wawili na kamera ya miguu mitatu kwenye nyasi. Mwendo wangu ulikuwa mzuri, nikapita. Mbele, dakika moja hivi, nikaona moto inateremka kwa kasi, kijana ameinama, hana abiria. Nikawasha taa mara mbili. Akakamata freni, akanyanyua mkono kunishukuru, akapita taratibu kabisa kama mtu anayetoka kanisani. Nikafurahi. Elfu 25 imebaki mfukoni mwa mtu.

Usiku ule nikapigiwa simu. Mtoto mmoja wa kikundi chetu, miaka tisa, anacheza ngoma vizuri kuliko wakubwa, amegongwa na moto barabarani akitoka kuchota maji. Mguu umevunjika mahali pawili. Aliyemgonga hakusimama. Ilikuwa chini kidogo ya ile kona ya polisi, na saa ni ileile.

Sijui kama ni yule. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu nimelizungusha kichwani miezi mingi. Moto ni nyingi. Pengine yule wangu aliendelea pole pole mpaka kwake. Lakini pengine alipopita polisi alisema moyoni, sasa njia ni safi, akafungua gesi kulipa muda aliopoteza. Najua watu wanafanya hivyo, kwa sababu na mimi nimefanya hivyo. Kama nisingempigia taa, angepita kamera kwa kasi ileile, mesaji ingekuja baadaye, na pengine mtoto angegongwa hivyohivyo. Inawezekana pia polisi wangemuona wakamsimamisha. Nimehesabu njia zote, na hakuna hata moja inayonitoa ndani ya hadithi.

Nilipohesabu mwendo wenyewe ndipo nilipotulia kidogo, au niliposumbuka zaidi, sijui. Ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unakula mita 11. Kwa 60, karibu 17. Kwa 80, mita 22. Sekunde moja ndiyo muda wa kuona mtoto na kuanza kushika freni, bado freni yenyewe haijafanya kazi. Na ukizidisha mwendo mara mbili, njia ambayo freni yenyewe inahitaji ili kukusimamisha haizidi mara mbili, inazidi karibu mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema mtu wa miguu aliyegongwa na gari lenye kilomita 65 yuko kwenye hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa kwa 50. Kati ya zile namba mbili ni kilomita 15 tu. Wengi wetu hatuoni tofauti yake kwenye saa ya moto.

Nilileta swali hili kwenye kikundi siku ya Jumamosi, bila kusema habari yangu. Kijana mmoja motari akasema: "Yaya, mimi nikikuona uko unaenda kupoteza pesa ya watoto, ninyamaze? Hiyo ni roho mbaya." Msichana mmoja akamjibu kwamba watoto wa nani, wa dereva au wale walioko barabarani. Wakacheka, wakagombana. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akingojea mjukuu wake akasema kwa upole kwamba wakati wa vita mtu alikuonya ili usife, na sasa tunaonyana ili tusilipe, na kwamba yeye haoni kama ni kitu kimoja ingawa mkono unaotikiswa ni uleule. Sikuwa na la kuongeza. Lakini yule motari naye hakukosea kabisa. Njaa nayo inaua, isipokuwa inakwenda pole pole.

Kuna kitu nimeanza kufanya, na sijui kama ni akili au ni utoto. Napiga taa karibu na shule, na pale soko linapomwagika barabarani, na pale watoto wanapochota maji. Polisi hawapo. Wamotari wanapunguza, wanatafuta kamera, hawaioni. Wiki iliyopita mmoja aligeuza akanifuata mpaka kituo cha mafuta. "Mbona ulinidanganya? Hakuna kitu kule!" Nikamwambia kuna watoto. Akaniangalia, akatikisa kichwa, akaniambia siku nyingine hataamini taa yangu, na hata Sofia ikiwepo kweli nitakuwa nimemponza. Ana haki pia. Nikiendelea hivi, ile ishara haitakuwa na maana kwa mtu yeyote, na siku moja huenda tukaihitaji tena kama mama yangu alivyoihitaji.

Kaka nimemjibu asitume kile kikopo. Ameuliza kama anitumie pesa yake badala yake, nikasema ndiyo, kuna mtoto anahitaji magongo mapya, amekuwa mrefu.

Mama wa mtoto yule hajui habari ya taa. Ananishukuru kila nikienda kumuona, ananipa chai. Yeye hasomi, lakini binti yake mkubwa anamsomea gazeti hili kila linapotoka, anapenda hasa habari za Kiziba ambako ana dada yake. Kwa hiyo nimemwomba mhariri aniambie siku litakapotoka, ili nifike kwake siku moja kabla.