Kiini, Hali na Utambuzi: Swali la Haki katika Kumsawiri Mtu kwa Picha

Utangulizi

Miongoni mwa sifa zinazopewa picha njema ya mtu, kuna moja inayorudiwa sana: kwamba mpiga picha amefaulu kunasa kiini cha aliyepigwa. Wahakiki wa fasihi nao hawako mbali na msamiati huu, kwani tumezoea kusema kwamba mwandishi fulani amenasa kiini cha mhusika, cha mji au cha zama zake. Makala haya yanakusudia kuihoji kauli hiyo. Tutauliza, kwanza, ikiwa mtu ana kiini kinachoweza kunaswa. Na pili, ikiwa kipo, ni nani mwenye haki ya kutangaza kwamba kimepatikana. Tutadai kuwa kiini hakinaswi bali hutambuliwa, na kwamba kosa kubwa la kimaadili katika usawiri ni kuichukua hali ya mtu na kuitoa kama kiini chake.

Picha mbili za marehemu

Mfano wetu wa kwanza ni wa nyumbani, na msomaji atuwie radhi kwa hilo. Mama mzazi wa mwandishi wa makala haya alichuma kahawa kwa miaka mingi katika mashamba yaliyo kati ya Ruiru na Thika. Alipofariki ilihitajika picha ya kuwekwa juu ya jeneza. Iliyopatikana upesi ilikuwa ile ya kitambulisho. Ilipelekwa studio moja mjini Thika, ikakuzwa, ikatiwa fremu. Shangazi zetu walipoiona walinyamaza kwanza, kisha mmoja wao akasema, "Huyu si yeye." Hakuna aliyempinga.

Siku ya pili mama mdogo alileta picha nyingine aliyoitoa sandukuni mwake. Marehemu, akiwa bado msichana, amesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi, amevaa viatu vya kuazima, na mkononi ameshika redio isiyo yake. Maishani mwake hakupata kuiona bahari. Hata hivyo shangazi yule yule aliipokea picha kwa mikono miwili, akavicheka vile viatu na kumtaja mwenyewe kwa jina, kisha akasema, "Huyu ndiye."

Hapa pana fumbo. Picha isiyo na pambo lolote, iliyokubaliwa na serikali kuwa ushahidi wa mtu, ilikataliwa. Picha iliyojaa vya kuazima ilikubaliwa. Mtu anaweza kujibu kwamba wafiwa hupenda urembo kuliko ukweli, na kwamba huu ni uzuri wa mkakasi tu. Jibu hilo halitoshi. Shangazi hakudanganyika: alijua viatu ni vya nani, na alijua bahari ile ni rangi juu ya kitambaa. Aliujua uongo wa picha wote, na bado alimwona mtu wake ndani yake. Alichokitambua, basi, hakikuwa katika vitu vilivyopigwa.

Kupiga na kupigwa

Lugha yenyewe yaweza kutusaidia. Kwa sarufi ya kawaida, mwenye kamera hupiga picha na aliye mbele ya kamera hupigwa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku watu husema, "Twende studio tukapige picha," hali wao ndio watakaokaa mbele ya kamera. Kiima cha kitenzi ni yule anayepigwa. Msemaji hajakosea sarufi. Anaeleza tendo jinsi anavyolielewa. Amechagua siku, nguo, pazia na mkao, naye mwenye kamera ni fundi aliyeajiriwa kumsaidia. Kinyume chake, mtu aliyepangwa foleni kwa ajili ya kitambulisho, akaambiwa atazame mbele na asitabasamu, hupigwa kwa maana kamili ya kauli ya kutendwa.

Kauli hiyo ya kutendwa ina historia nchini Kenya. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Wafanyakazi wa mashamba ya walowezi, pamoja na ya Thika na Ruiru, walijulikana kwa karatasi hiyo. Kipande kilimtambulisha mtu kwa asiyemjua, ili aweze kumdhibiti. Kitenzi kutambulisha kimetokana na kutambua, lakini matendo haya mawili yaweza kuachana kabisa: kitambulisho cha marehemu kilimtambulisha kwa kila afisa, na ndugu zake hawakumtambua.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upigaji picha, anaeleza jinsi alivyomtafuta mama yake aliyefariki mwaka 1977 katika picha nyingi, asimpate mpaka alipofikia moja ambayo mama huyo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Barthes hakuwahi kumjua katika umri huo, na bado alimtambua. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba hakuichapisha picha hiyo kitabuni. Kwa msomaji ingekuwa picha ya mtoto yeyote. Kama kiini kingekuwa kimenaswa ndani ya karatasi, kila mwenye macho angekiona. Kiswahili husema kiini cha yai, na pia kiini cha jicho. Tunadokeza kwamba kiini cha picha kinakaribia maana hii ya pili: kimo katika jicho linalojua.

Hali na kiini

Je, basi, kila picha iliyopigwa bila ridhaa ni dhuluma? La hasha. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga filamu ya njaa huko Korem, Ethiopia. Waliokuwa wakifa hawakuchagua mkao wala pazia, na ni kwa sababu ulimwengu uliwaona ndipo msaada mkubwa ukachangwa. Kazi hiyo ilisema ukweli juu ya hali: watu hawa wana njaa, sasa, mahali hapa. Dhuluma huanza pale ambapo mtazamaji, baada ya miaka mingi, anasema kwamba Mwethiopia ni njaa. Vivyo hivyo, picha ya kitambulisho si uongo mahali pake. Iligeuka kuwa kosa ilipokuzwa na kuwekwa juu ya jeneza, kana kwamba ndiyo jumla ya maisha ya mwanamke yule.

Mfano mgumu zaidi ni ule wa Dedan Kimathi. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amejeruhiwa, akapigwa picha amelala, mikono imetiwa pingu. Kwa utawala wa kikoloni picha hiyo ilikuwa uthibitisho kwamba vita vimekwisha na kwamba hiki ndicho kiini cha "gaidi". Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Lakini Wakenya walioirithi picha hiyo hawakuisoma hivyo. Waliona heshima ambayo mpiga picha hakukusudia kuionyesha. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, *The Trial of Dedan Kimathi* (1976), ilimpa maneno ambayo picha ilimnyima. Nayo sanamu iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007 ilimsimamisha wima, bunduki mkononi.

Pengine mtu atapinga kwamba mfano huu unavunja hoja yetu, kwani hapa kiini kimepatikana bila ridhaa. Sisi tunaona kwamba unaithibitisha. Picha ilitoa hali tu: mtu aliyejeruhiwa, amefungwa. Kiini kilitambuliwa na waliomdai Kimathi kuwa wao, tena kwa kuikataa tafsiri ya mwenye kamera. Hata hivyo, ukombozi huo haumtakasi aliyepiga.

Uhakiki nao

Somo hili linatuhusu sisi wahakiki. Kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, *The Flame Trees of Thika*, kiliufanya mji wa Thika ujulikane ng'ambo kwa miti yenye maua mekundu na kwa maisha ya walowezi kama yalivyokumbukwa na mtoto wao. Kumbukumbu hiyo ina haki yake. Kosa ni la mhakiki anayeandika kwamba kitabu hicho kimenasa kiini cha Thika, bila kumuuliza mchumaji kahawa, wala mfanyakazi wa viwandani au wa mashamba ya mananasi, kama anautambua mji wake humo. Swali tunalopaswa kuliuliza kila usawiri ni hili: je, aliyesawiriwa, au wanaomjua, wanaweza kusema "huyu si yeye," nasi tukawasikiliza?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kiini cha mtu si kitu kinachomngoja mwenye kamera akinase. Hutambuliwa na wanaomjua au wanaowajibika kwake, na utambuzi huo waweza kutolewa, kunyimwa au kucheleweshwa kwa kizazi kizima. Msawiri, awe wa kamera au wa kalamu, ana uwezo juu ya hali tu, na uaminifu wake ni kuieleza hali kwa jina lake.

Kitambulisho cha marehemu kilirudishwa serikalini, kama sheria inavyotaka. Picha ya pazia la bahari ndiyo iliyotangulia jeneza.