Dado na Karata

Sheria ikikataza chombo, je, imelikataza na tendo lenyewe?

Huko Marekani makabila ya wenyeji wa asili yana nyumba za kamari katika nchi zao. Sheria ya mwaka wa 1988 iliigawa michezo mafungu matatu: michezo ya jadi, iliyo mikononi mwa kabila lenyewe, bingo na jamaa zake, na mingine yote, ambayo kabila haliruhusiwi kuiweka ila limepatana na serikali ya jimbo. Basi pasipo mapatano huwekwa mashine ambayo picha zake zazunguka machoni pa mchezaji, kumbe ndani yake ni bingo tu, watu wakishindana wao kwa wao. Na katika California, ambako dado haziruhusiwi kuamua mshindi, hufunuliwa karata badala yake. Fedha hupotea vilevile.

Makabila hatuyalaumu. Yameitii sheria, nayo yaamuru faida itumike kwa serikali ya kabila na hali njema ya watu wake. Lakini yule aliyepoteza mshahara wake wa mwezi tumwambieje? Kwamba ulichukuliwa na karata, wala si dado?