Robo Inchi na Haki ya Mtu

Ami yangu ana kiko cha gunzi la hindi. Kimezungushiwa uzi na nta kama kidole kilichofungwa bendeji, na kila nikenda Gando nakiona juu ya dirisha la baraza, nacho ni kama kinaniangalia. Ndugu msomaji, leo naomba nikueleze habari ya kiko hicho. Sipigii debe tumbaku. Daktari akikukataza, mie namuunga mkono. Nataka tuzungumze juu ya swali lililoanzia kwenye kiko na likanifuata mpaka kitandani: hivi mtu anaweza kumdhulumu mwenzake bila ya kusema uongo hata neno moja?

Ami alikuwa baharia katika ujana wake. Viko vya magunzi aliviona midomoni mwa mabaharia wa kigeni. Vingi hutoka Missouri, Marekani, katika mji mdogo uitwao Washington (si ule wa Rais), ambako Henry Tibbe, mchonga mbao aliyehamia kutoka Uholanzi, alianza kuvitengeneza mwaka 1869. Aliporudi Pemba, ami hakuona sababu ya kununua kitu ambacho kinaota shambani. Alichukua gunzi nene, akalikausha mpaka likawa gumu kama mti, akalichimba ndani kwa kisu, akalitoboa ubavuni kwa msumari wa moto na kuchomeka mrija wa mwanzi. Basi, kiko hicho.

Mwanzi ulipoungua, alitaka mrija wa mti. Akaniita mie, msomi wa nyumba. "Urefu shibiri moja," alisema, huku akitanua kiganja hewani. "Na ncha yake iingie hapa, isicheze."

Nikenda Wete mjini kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kukereza. Nikamwambia shibiri moja. Akacheka. "Shibiri ya nani, bwana?" Kwa kweli sikuwa na jibu. Nikaweka kiganja changu juu ya rula: sentimita 22. Kiganja cha ami ni kidogo kuliko changu, lakini hilo nililikumbuka nikiwa njiani kurudi. Na ncha je? Nikasema milimita 6, kwa sababu ni hesabu nzuri, haina mabaki.

Sasa ikawa tundu la gunzi lipanuliwe kidogo, ncha ipate kuingia. Pale Gando yupo fundi wa vyombo, mzee, na meno ya keekee yake karithi, yote ya inchi. Akauliza, "Tundu gani?" Nikageuza rula upande wa pili, nikatazama. Milimita 6 zilikuwa zimekaribiana sana na alama ya robo. "Robo inchi, fundi." "Una hakika?" "Ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja. Inchi, kwa mapatano ya mwaka 1959 ya nchi zinazoitumia, ni milimita 25.4 kamili. Robo yake ni milimita 6.35. Utasema, jamani, sehemu thelathini na tano za mia za milimita, nani ataziona? Kwenye mashua hakuna atakayeziona, maana kalafati inaziba zaidi ya hapo. Lakini kiko si mashua. Ami alichomeka mrija wake mpya, ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Alipovuta, alivuta upepo wa Gando mtupu, moshi haukuja. Na tundu lina tabia moja mbaya: dogo hupanuliwa, kubwa halirudi.

Nilianza kumlaumu fundi. Ami akanikatisha. "Yule wa Wete kakupa ulichomwambia. Na huyu kakupa ulichomwambia." Hakuongeza neno. Alichukua uzi, akaupaka nta, akaanza kuuzungusha.

Wa Wete hakukosea. Wa Gando hakukosea. Mie sikusema uongo, niliamini nilichokisema. Lakini hasara ilikuwepo na ilikuwa na mwenyewe. Ilikaa pale pale nilipokaa mie, katikati, mahali ambapo kipimo kimoja kinageuzwa kuwa kingine.

Usidhani haya ni mambo ya viko na watu wa shamba. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa juu angani. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Canada ilikuwa inahamia kwenye vipimo vya mita na kilo, na waliopiga hesabu walitumia namba ya kugeuzia lita kuwa ratili, wakidhani wanapata kilo. Kwa hiyo ndege iliondoka na mafuta yasiyofika nusu ya yanayotakiwa. Rubani aliiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichopelekwa sayari ya Mars kilipotea kwa ugonjwa huo huo: kundi moja lilitoa hesabu kwa ratili, kundi la pili likazisoma kwa vipimo vya mita. Hao ni watu wenye kompyuta, wala si mie na rula yangu.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: tufute shibiri, dhiraa na pishi, tubaki na mita na kilo, kwisha. Nami nilidhani hivyo. Kilo haina kiganja kikubwa wala kidogo. Kwa miaka 130 ilikuwa ni kipande cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris, na tangu tarehe 20 Mei 2019 hata kipande hicho hakitumiki tena, kilo imefungwa kwenye kanuni ya maumbile isiyobadilika. Kipi cha haki kuliko hicho?

Lakini njoo Pemba wakati wa karafuu uone. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa ujazo wa chombo. Mwenye shamba huuza kwa kilo, yaani kwa uzito. Kila kipimo peke yake hakina ubaya. Dhuluma hupita kwenye mlango ulio kati yao. Chukua frasila ya zamani: ratili 35, ambazo ni kilo 15.876. Atakayenunua frasila kwako akaihesabu kuwa kilo 16, kwa sababu ni hesabu nzuri isiyo na mabaki (unaikumbuka sauti hiyo?), kajipatia gramu 124 zako. Katika frasila 100 kajipatia kilo 12 na zaidi. Wala hakukudanganya, "kakadiria" tu.

Na hapa ndipo linapokuja lile lililoninyima usingizi.

Nilipomaliza shule, msimu mmoja mkubwa, jamaa yetu mwenye mikarafuu aliniweka niwe mpimaji. Jioni wachumaji, wengi wao wakina mama, walikaa kwenye majamvi wakichambua karafuu, wakitenga makonyo, kisha mmoja mmoja akaja kwangu. Mie na daftari, na pishi ya bati. Wazee wetu walikuwa na maneno mawili kwa jambo hili: kipimo cha tele, kilichojazwa mpaka kikawa na kilima juu, na kipimo cha mfuto, kilichopitishwa mkono juu kikawa sawa na ukingo. Malipo tuliyoyatangaza yalikuwa ya pishi, na kila mtu alifahamu kwamba ni ya mfuto. Mwenye shamba aliniambia, "Wewe jaza tu mpaka imwagike." Nikajaza.

Usiku mmoja, kwa udadisi tu, nilichukua pishi kumi za tele nikazipima upya kwa mfuto. Zikakaribia kumi na mbili. Basi kila mama aliyechuma kumi na mbili alikuwa akilipwa kumi. Nilijua. Kesho yake mama mmoja wa makamo alitazama chombo kisha akanitazama mie. "Mwanangu, pishi yako hii ina kichuguu." Nikamjibu, "Pishi ni pishi, bibi." Nikaandika.

Ndugu msomaji, linganisha majibu yangu mawili. "Ni kitu kimoja, fundi." "Pishi ni pishi, bibi." La kwanza nililisema kwa kutojua na la pili kwa kujua, lakini maneno ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yanafuta tofauti mbele ya mtu asiyekuwa na njia ya kuipima. Fundi hakuwa na rula ya milimita. Yule mama hakuwa na mizani. Aliyekuwa na vipimo vyote viwili mkononi ni mie.

Tunasoma sote kwamba katika Qurani imo sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na inamtaja mtu anayetaka ajaziwe akipokea na anayepunguza akitoa. Zamani nilidhani huyo ni muuza duka mwenye mizani mbovu. Sasa naona anaweza kuwa na mizani nzima kabisa, na daftari safi. Na masheikh wetu hufundisha kwamba zaka ya fitri ni pishi moja, vibaba vinne, na kibaba asili yake ni viganja viwili vya mtu wa wastani. Wa wastani! Kwa nini isiwe kiganja changu, au cha mfalme? Nadhani kwa sababu kipimo ni ahadi, na ahadi ya watu wengi haiwezi kukaa katika mkono wa mmoja.

Basi jibu langu ni hili, nawe unaweza kulikataa. Ndiyo, mtu anaweza kudhulumu bila ya uongo. Anayejua vipimo viwili anadaiwa na anayejua kimoja. Anadaiwa aseme tofauti kabla ya kuulizwa, hata kama ni ya milimita thelathini na tano kwa mia, kwa sababu si yeye atakayeibeba. "Una hakika?" lilikuwa swali la kunisaidia, nami nilikuwa na rula mkononi. Ningeweza kusema, "Ngoja nitazame tena."

Wanavyuoni husema kosa kati yako na Mungu unaliomba mwenyewe usiku, lakini haki ya mja humalizika kwa mja mwenyewe. Kwa hiyo, miaka mingi baada ya msimu ule, nilimtafuta yule mama mwenye pishi ya kichuguu. Nilimkuta anaanua udaga. Nikamweleza yote, kumi na kumi na mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikifanya kazi.

"Mie nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini tulikuwa wengi."