Mwalimu Aliyekuja Usiku

Somo: Nehemia 8:1–8

Ezra alipoisoma Torati mbele ya Lango la Maji, watu walisikiliza tangu asubuhi hadi adhuhuri, na bado Walawi walihitajika kuwafafanulia. Hata leo anayetaka kuyaelewa Maandiko kwa lugha yake ya asili huhitaji mwalimu.

Kijana akisema anataka shahada ya Kiebrania na fasihi yake, nyumbani huulizwa: utakula nini? Ni swali la haki, maana ada si ndogo. Mimi mchungaji ningemwongezea jingine: utafundishwa na nani, na je, utamheshimu?

Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alikuwa mtu mzima na msomi wa sifa alipoketi Bethlehemu kufundishwa na Myahudi aitwaye Baranina. Mwalimu huyo alikuja usiku kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake. Karne 11 baadaye, Mjerumani Johannes Reuchlin alifundishwa na Jacob Loans, tabibu Myahudi wa Kaisari, na mwaka 1506 akawatolea Wakristo kitabu cha sarufi ya Kiebrania. Mwaka 1510, lilipojadiliwa suala la kuviteketeza vitabu vya Wayahudi, Reuchlin alivitetea. Akashtakiwa uzushi, na mwaka 1520 Papa akaamua dhidi yake. Mwanafunzi wa namna hiyo ndiye ninayemtamani.

Lakini tusijidanganye kwamba lugha peke yake huondoa chuki. Luther naye alikijua Kiebrania, akakamilisha Biblia ya Kijerumani mwaka 1534. Mwaka 1543 akaandika kwamba masinagogi yachomwe moto. Sisi Walutheri tunalijua hilo, ingawa mimbarani hatulitaji.

Ndiyo maana nasisitiza fasihi. Wahubiri tukifika Malaki tunafunga kitabu, kana kwamba tangu hapo Wayahudi walinyamaza. Anayesomea shahada hii atakutana na Yehuda Halevi, mshairi na tabibu wa Hispania ya karne ya 12, na S. Y. Agnon, aliyeandika hadithi zake kwa Kiebrania na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hapo atawajua wenye lugha: wakicheka, wakiomboleza, wakibishana na Mungu.

Mzazi, mwanao akiomba kusomea fani hii, usimkatishe tamaa. Nawe mwanafunzi wa theolojia unayekariri vitenzi vya Kiebrania kwa ajili ya mtihani tu, wiki hii tafuta hadithi moja ya Agnon, hata kwa tafsiri, uisome mpaka mwisho.