Pua ya Dhahabu na Mashimo ya Shavuni

Hapa Kasongo, mkoani Maniema, mtu akilalamikia sura yake hupewa jibu moja tu: ndivyo Mungu alivyokuumba, shukuru. Nimesomesha madrasa miaka mingi, na nimeona kwamba wanaoharakia kulitoa jibu hilo ni wenye mashavu laini.

Mpwa wangu anaishi Salamabila, kule Kabambare, ambako mumewe hununua dhahabu kwa wachimbaji. Chunusi zilimtoka tangu usichanani. Zilipokauka zikamwachia mashimo, mengine membamba yaliyozama ndani, mengine mapana kama alama ya kidole kwenye ugali. Siku hizi amesikia habari za matibabu ya Nairobi. Damu hutolewa mkononi, ikazungushwa kwa kasi mashinini mpaka chembe nyekundu zitengane, kisha yakachukuliwa yale maji ya manjano, yaani plazma, yenye chembe sahani nyingi, zinazogandisha damu na kuichochea ngozi ijijenge. Leza hutoboa kovu vitundu vidogo mno, ikibakiza ngozi nzima katikati ili uponaji uwe mwepesi, na maji yale hupakwa au kudungwa hapo hapo. "Mjomba," akaniuliza, "hiyo si kubadilisha maumbile ya Mungu? Na damu si najisi?"

Swali si la kuchezea. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kwamba atawaamrisha watu waligeuze umbo la Mwenyezi Mungu. Bukhari na Muslim wamepokea laana juu ya wanawake wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo, nasi wa Maniema tunaijua habari ya meno kuchongwa na chale kuchanjwa. Kwa hiyo aya hiyo inatuhusu.

Lakini yuko pia Arfaja bin As'ad. Alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu, akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Abu Daud na Tirmidhi wameipokea hadithi hiyo, na mimi huirudia mara nyingi, kwa sababu dhahabu ni ile ile ambayo mwanamume wa Kiislamu haruhusiwi hata kuivaa pete. Watu wa Salamabila hucheka wakiisikia: dhahabu wanaijua, ila pua yake hawajawahi kuiona. Arfaja hakuwa mahututi. Aliishi na uso uliokatwa, na hakuambiwa avumilie wala ashukuru kwa kile kilichobaki. Mtume alilegeza katazo ili mtu apate uso wa kukaa nao mbele ya watu.

Basi nikamjibu mpwa wangu hivi. Mungu aliumba shavu. Shimo limeletwa na uvimbe na usaha. Anayelijaza anarudisha kilichokuwepo, na hapo yuko karibu na Arfaja kuliko na mwenye kutenganisha meno. Damu ni najisi ikitoka, ndivyo tunavyosoma sisi Mashafii, ila katazo la Al-Baqara 173 ni la kuila. Kilichobaki usoni kitaoshwa kabla ya sala, na daktari akimkataza maji kwa siku kadhaa, tayamamu ipo. Jua pia huzuiwa baada ya leza, na mtandio wake utamfaa kuliko mwavuli wowote.

Ruhusa hiyo ina mpaka, maana tumekatazwa kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Ngozi yetu nyeusi huikasirikia leza kali: mtu huenda kuondoa shimo akarudi na madoa meusi yanayokaa miezi. Mwenye asili ya makovu yanayovimba aseme mapema. Na damu ni damu. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa taarifa ya wanawake walioambukizwa virusi vya UKIMWI baada ya kudungwa plazma hiyo hiyo usoni katika saluni isiyo na leseni huko New Mexico. Kama hilo limetokea Marekani, chumba cha uani chenye kioo kizuri na sindano zisizojulikana hakina udhuru popote.

Mashine ya leza sijaiona Kasongo wala Kabambare. Ninachokiona kila siku ya soko ni mikebe ya krimu za kujichubua, na ajabu ni kwamba juu yake sijawahi kusikia hotuba ya Ijumaa. Rangi hatukuipata kwa ugonjwa. Hivyo ndivyo Mungu alivyotuumba. Krimu hizo zikiwa na zebaki huharibu figo, na zile zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzaa chunusi upya. Binti anaweza kuuza gramu za dhahabu kwa ajili ya leza huku akijipaka kila usiku kinachomtoboa.

Walimu wenzangu, akija msichana kuuliza kuhusu makovu yake, msianze na aya ya 119. Muulizeni kwanza anajipaka nini, na fatwa kali tuiweke kwenye krimu hizo.