Kazi ya Mkono Isiyouzwa: Ni Kazi ao Ni Mchezo?

Kijana mmoja wa jamaa yetu, wa asili ya Kasai lakini mzaliwa wa Lubumbashi, alijitengenezea kadre ndogo ya mbao, kadiri ya kitabu kilichofunguliwa. Akapigilia misumari juu na chini, akafunga nyuzi za rafia, na kila magaribi akitoka kazini alikaa nje kufuma. Baba yake mdogo alimwangalia siku nyingi, mwisho akamuuliza: "Weye, hii kintu itakulipa?" Kijana akajibu: "Hapana, baba mudogo. Minafuma tu." Mzee akasema: "Basi ni michezo ya batoto."

Sisi tuliokuwa pale tulicheka pamoja na mzee. Lakini lile neno lilitufuata mpaka nyumbani. Kazi isiyoleta franka, je, ni kazi? Na mtu anayefuma kwa kujifurahisha tu, anashika desturi ya bankambo ao anaichezea?

Tuanzie kwa bankambo wenyewe. Kwa Wakuba wa Kasai, mwanaume anafuma, mwanamke anadarizi. Nyuzi zinatoka kwenye majani machanga ya mrafia. Ngozi nyembamba ya jani inabanduliwa, inaanikwa kwa jua, inachanwa mpaka inakuwa nyembamba sana. Nyuzi hizi hazisokotwi wala haziungwi moja kwa ingine. Ndiyo maana kitambaa hakiwezi kupita urefu wa jani: ni kipande cha mraba, kidogo. Kikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni kigumu, basi kinatwangwa katika kinu mpaka kinalainika. Kisha mama anachukua sindano, anapitisha uzi, anaukata kwa kisu kidogo, bila fundo hata moja. Ile velu ya Kasai inayowekwa leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya, moja yake tu inaweza kula miezi mingi ya mikono ya mama.

Tena, kitambaa kilikuwa pia feza. Katika ufalme wa Kongo vipande vya rafia vilinunua vitu sokoni, na neno mbongo, tunalolisikia kila siku katika Lingala, linatoka kwa vile vitambaa. Hapo baba mdogo atasema: "Munaona? Hata bankambo walifuma juu ya feza!" Ni kweli, hatuwezi kumkatalia.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nguo zilizo nzuri kupita zote hazikuishia sokoni, ziliishia kaburini. Kwa Wakuba, mtu akifa, watu wa ukoo wanakaa kitako kuchagua nguo za kumvika, juu ya imani kwamba asipovaa rafia, wale waliomtangulia hawatamtambua. Na ile sketi ndefu ya mama imeunganishwa kwa vipande vya mikono mingi, hata hakuna mtu mmoja anayeweza kusema: hii ni yangu. Ni ya ukoo. Fikiri, ndugu: kazi ya miaka, yenye bei kubwa, inafukiwa kwa udongo siku moja. Kama kipimo cha kazi ni faida peke yake, bankambo wetu walikuwa wajinga. Sisi hatuamini hivyo. Walijua kuna kazi ambayo malipo yake ni kutambuliwa.

Hata hivyo tusimsifu kijana wetu haraka. Kuna swali gumu kupita lile la baba mdogo. Nguo ya bankambo ilikuwa na mahali pake: ilijulikana nani anafuma, nani anadarizi, nani atavikwa. Kijana wetu anafuma peke yake, juu ya misumari, na siku rafia ikikosa sokoni anafumua pulovere ya zamani. Hakufundishwa na mzee yeyote. Tukiita hiyo "desturi", tunajidanganya. Mkono unaweza kuiga bila moyo kujua.

Basi sisi tunasema hivi: kufuma kwa kujifurahisha si desturi, lakini ni mlango wake. Anayepita mlangoni ana deni. Aulize wazee majina ya mifano anayoiga. Asiuze kitambaa chake kwa mgeni akisema ni cha zamani. Na kile cha kwanza asikiweke ukutani kwake, akitoe kwa mtu.

Mwaka uliofuata nyanya yake kijana alifariki. Usiku wa matanga, baba mdogo yule yule alimkaribia polepole: "Leta kile kitambaa chako." Shangazi mmoja alikataa kabisa: "Kile cha misumari? Bankambo watatucheka!" Walibishana mpaka karibu asubuhi. Mwisho kiliwekwa, si juu ya sanduku, bali ndani, chini ya mikono ya marehemu.

Nani alikuwa na haki, shangazi ao baba mdogo? Katika chama chetu hatujasikilizana mpaka leo. Lakini hakuna aliyeuliza tena kama kitambaa kile kinalipa. Na kijana, baada ya kuondoa matanga, alikwenda kwa shangazi kumuomba amufundishe majina ya mifano.