Kijana wa Dirishani

Somo: Matendo ya Mitume 20:7-12

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 20. Leo nitahubiri juu ya pati za ufuoni, na wazee wangu msishtuke, tutafika.

Tuko Troa, mji wa bandari. Paulo yuko safarini na wenzake. Mstari wa 4 unataja saba kwa majina, kumaanisha hata mtume hakuwa akisafiri peke yake. Kesho anaondoka, kwa hivyo anahubiri mpaka usiku wa manane. Chumba kiko juu, orofa ya tatu, taa ni nyingi, na kijana mmoja anaitwa Eutiko ameketi dirishani. Usingizi unamlemea pole pole. Anaanguka mpaka chini, wanamwokota amekufa.

Miaka mingi nimekuwa nikimlaumu huyu kijana. Nani analala kwa ibada? (Kuna watu wanacheka hapo nyuma na ninawajua.) Lakini hebu tuulize swali lingine. Chumba kilijaa ndugu, na taa zilikuwa zinawaka. Huyu kijana alikuwa anasinzia mbele ya macho ya watu, na hatusomi mahali popote kwamba mtu alimgusa bega akamwambia, toka hapo, kuja ukae huku kati.

Halafu tazameni Paulo. Hakumalizia pointi yake kwanza. Hakuuliza huyu ni mtoto wa nani na alilelewa vipi. Alishuka. Teremka ngazi zote zile usiku, fika chini, mkumbatie. Maneno yalikuja baadaye.

Sasa nisikizeni. Mwaka jana binti mmoja wa kanisa hili, amenipa ruhusa niseme bila kumtaja, alichanga pesa na marafiki zake wanne kwa muda mrefu. Walitaka kwenda Zanzibar vile vijana wanasafiri siku hizi: begi moja mgongoni, hakuna hoteli ya kifahari, mnalala chumba kimoja cha vitanda vingi, mnakula chapati za barabarani. Treni mpaka Mombasa, basi mpaka Lunga Lunga, mkigongewa paspoti mnapita Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, halafu boti. Kabla ya kuondoka alikuja ofisini nimwombee. Nikamuuliza mtafanya nini huko. Hakunidanganya. Akasema, "Pasta, tutatembea, tutaogelea, na kuna pati ya mwezi mpevu kule Kendwa."

Nilimwombea, ndiyo. Lakini nilipomaliza nilimwambia neno ambalo ningependa kulirudisha mdomoni. Nilimwambia, "Mambo yakiharibika huko kwa ngoma, usinitafute."

Kendwa iko kaskazini mwa Unguja, kama kilomita 60 kutoka mjini. Usiku ule alikuwa anakunywa soda. Soda, wapendwa. Aliiacha mezani akaenda kucheza, akarudi, akamalizia. Nyinyi wote mnajua mchele ni nini, na simaanishi ule wa pilau. Huo mchele hauulizi kama chupa ni ya pombe au ya soda. Miguu ikaanza kuwa mizito, muziki ukawa unasikika kutoka mbali. Marafiki wawili walikuwa wamerudi kulala, wengine wawili hajui walienda wapi. Na mwanamume ambaye alikuwa hajawahi kumwona akamshika kiuno akaanza kumwongoza kuelekea gizani, akiwaambia watu, "Huyu ni mchumba wangu, amelewa kidogo."

Watu walikuwa wengi, taa zilikuwa nyingi. Mnaona Eutiko?

Aliyemwona ni mama mmoja wa hapo kijijini aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga. Alimuuliza yule mwanamume swali moja tu: "Mchumba wako anaitwa nani?" Hakujua. Mama akapaza sauti, wanaume wa kijiji wakaja, yule mtu akayeyuka. Mama akamkalisha binti kando ya karai lake, akamfunika leso, akamlalisha kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, na akakaa naye mpaka kukapambazuka. Simu ilikuwa imekwenda, pesa zimekwenda, lakini mtoto yuko.

Yule mama ni Mwislamu. Siku Paulo alipovunjikiwa na meli akatupwa kisiwani Malta, waliomwashia moto kwenye mvua na baridi walikuwa wenyeji wa kisiwa, watu ambao hawakuwa wamesikia mahubiri yake hata moja. Mungu ana watu wake wa kuwasha moto.

Lakini kuna kitu kilinivunja. Binti alipopata fahamu kidogo, mama alimpa simu yake mwenyewe, akamwambia, "Mwanangu, nikupigie nani nyumbani?" Binti akajibu, "Hakuna."

Hakuna! Namba yangu anaijua kwa kichwa, ni ile ile iko kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida hili kila wiki. Nilikuja kujua habari hii baada ya miezi mitano. Alikuwa ameacha kwaya, nami nikawa nimeshahitimisha kwamba amerudi nyuma.

Kanisa, sijabadilisha mafundisho. Ulevi ni dhambi hapa na ni dhambi kisiwani. Kijana akiniuliza aende pati ile au asiende, nitamwambia abaki aombe, alale mapema, aamke atazame pomboo. Lakini Desemba inakuja, na kuna wale wataenda. Mzazi, unaweza kunyamaza ukajifanya hujui, ama unaweza kusema mambo ambayo yatamrudisha akiwa hai. Mimi nilinyamaza mwaka jana. Leo nasema.

Vijana, wangapi mnaenda, ndio idadi inayorudi. Kama ni watano, hakuna wawili kurudi kulala wakaacha watatu. Mmoja wenu kila usiku asiguse chochote, awe ndiye macho ya wengine. Kinywaji ukikiweka chini ukageuka, kimwage, hata kama ni cha shilingi mia tano. Kile cha kuchanganywa kwenye ndoo na cha bure kutoka kwa mtu humjui, kikatae. Novemba 2024, kule Vang Vieng nchini Laos, wasafiri sita wa kigeni walikufa, na kilichoshukiwa ni pombe iliyokuwa na methanoli. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hiyo, tumezika wetu. Haina harufu ya kukuonya. Mtu anaweza kulala akidhani ni ulevi wa kawaida, kesho yake macho yanaona ukungu. Akisema haoni vizuri ni hospitali saa hiyo hiyo, si maji ya limau. Na hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja iko mjini, kwa hivyo mjue mapema nani ana gari.

Tena sisi watu wa bara, bahari hatuijui. Wavuvi wa pwani wana neno, bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na hurudi kwa nguvu, tofauti ya kama mita nne. Saa nne usiku unaona ufuo mpana, mchanga mkavu, unatandika kanga yako ulale. Kwa pwani yetu hii, usiku wa mwezi mpevu maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri. Hapo ulipolala ni bahari. Pati inawekwa usiku wa mwezi mpevu, na ndio usiku bahari inatembea zaidi. Usiingie majini usiku, na kama umekunywa, usiingie kabisa. Pikipiki ya kukodi bila helmeti nayo tuiache.

Hili lingine nitalisema taratibu, kina mama mnisaidie. Mtu akidhulumiwa kimwili, awe msichana au mvulana, aende hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kumwambia mchungaji. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Nimeona watu wakimaliza hizo saa wakiwa wamejificha kwa sababu ya aibu, wakitafuta jinsi ya kueleza kanisa. Kanisa lingojee. Hakuna anayekuhukumu kwa sababu ya nguo uliyovaa. Akikuhukumu mzee yeyote wa hapa, mlete kwangu.

Baada ya binti kunieleza, nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Ilikuwa ngumu kuliko mahubiri yoyote nimewahi kutoa. Mama yake alilia, halafu akasema, "Pasta, hata mimi nilimwambia hivyo hivyo." Kumbe maskini alikuwa amefungiwa milango miwili siku moja.

Biblia inasema waliondoka na yule kijana akiwa hai, wakafarijika sana. Na Paulo alirudi juu, akala nao, wakaendelea kuzungumza mpaka alfajiri. Sioni mahali Eutiko alitolewa nje. Natumaini safari hii walimkalisha katikati.

Kwa hivyo kwa wale wa Desemba, Lamu, Diani, Zanzibar, popote: kuna daftari ofisini kwa katibu. Andika jina lako, wenzako ni kina nani, mnalala wapi, mnarudi lini, na namba moja ya nyumbani ambayo utaikariri kichwani, kwa sababu simu huibiwa. Hatutaulizana maswali hapo mezani. Yule binti amekubali kukaa na hilo daftari kila Jumapili baada ya ibada ya pili. Mmemwona amerudi kwaya. Simu yangu na ya mama mchungaji hazitazimwa usiku mwezi wote. Ukipiga saa tisa usiku, nitakuuliza kwanza uko wapi na nani yuko karibu nawe. Mengine tutaongea ukifika nyumbani.